Kengele za Namba Tisa

Kila asubuhi saa tatu kasoro robo, Makori alisimama penye kigingi cha mkaratusi, hatua arobaini kutoka kwenye kibanda, akavua chuma. Alianza na saa ya mkono, zikafuata funguo, kisu kidogo cha kuchongea penseli, na mwisho viatu, kwa sababu soli zake zilikuwa na misumari. Mshipi wa suruali aliuacha tangu mwaka 1964 akaanza kujifunga kamba ya katani. Halafu alitembea peku juu ya umande hadi mlangoni, na umande wa Kericho ni baridi hata mwezi wa Januari.

Kibanda kilijengwa kwa mbao za mwerezi na misumari ya shaba, kwa kuwa shaba haivutwi na sumaku kama chuma. Bawaba za mlango zilikuwa za ngozi na paa lilikuwa la nyasi. Ndani, sumaku tatu ndogo zilining'inia kwa nyuzi nyembamba kuliko unywele, kila moja ikiwa na kioo kidogo. Taa ilimulika vioo, vioo vikarusha mwanga kwenye karatasi ya picha iliyozungushwa kwenye gurudumu, na gurudumu lilimaliza mzunguko mmoja kwa siku. Sumaku ya dunia ikitikisika, mstari kwenye karatasi nao ulitikisika. Kazi ya Makori ilikuwa kubadilisha karatasi kila siku saa tatu kamili, kuisafisha kwa dawa, na kuandika kwenye daftari chochote ambacho kingeweza kuharibu vipimo.

Daktari wa utafiti aliyemleta pale kutoka Nairobi alimweleza mara moja tu, na mara moja ilitosha. Jua lina upepo wake. Si upepo wa kupeperusha majani. Ni chembe ndogo zenye umeme zinazosafiri siku mbili au tatu hadi kutufikia. Dunia imejizungushia sumaku yake kama mtu anavyozungushia boma ua. Upepo ukizidi, ua hutikisika. Makori, kijana wa kidato cha nne kutoka milima ya Gusii, alilikubali jambo hilo kwa sababu lilipimika. Wachuma chai walimpa jina la Karani wa Jua, na wakaendelea na kazi zao.

Shida ilikuwa moja. Makori alikuwa Msabato. Kuanzia jua lituapo Ijumaa hadi lituapo Jumamosi hakugusa kazi, na gurudumu halikujua Sabato. Karatasi isipobadilishwa, mstari wa Jumamosi huandikwa juu ya mstari wa Ijumaa, na siku zote mbili hupotea. Kwa hiyo mwaka 1965 alimwendea Chepngeno, mchuma chai wa Kipsigis aliyeishi nyumba ya tatu katika kambi, mama mwenye mikono mitulivu.

"Kwa hivyo Mungu wako hataki uguse hiyo karatasi Jumamosi," Chepngeno alisema, "lakini mimi anataka niguse?"

"Sabato yako wewe ni Jumapili, mama."

"Haya. Na utanipa nini nikibeba dhambi yako?"

"Sukari robo kilo."

"Nusu, Mkisii. Dhambi ya mtu mwingine ni nzito."

Wakakubaliana nusu. Kwa miaka saba, kila Jumamosi, Chepngeno aliomba ruhusa ya dakika ishirini kwa nyapara Bethwel, akatua kikapu, akatoa pini za nywele, bangili na panga, akavitundika kwenye kigingi, akaingia. Hakukosea hata mara moja. Mstari wa Jumamosi ulikuwa safi kuliko wa siku nyingine, jambo ambalo Daktari alilitaja katika barua na Makori hakulifurahia sana.

Alhamisi moja ya Mei 1967, saa tisa na nusu alasiri, upepo wa jua ulipiga kwa nguvu kwa mara ya kwanza tangu kibanda kijengwe. Majembe yaliyoegemezwa kwenye ukuta wa ghala yaligeuka, yote ishirini na sita, yakaelekeza ndimi zao upande wa mashariki, kwenye shamba lililoitwa Namba Tisa. Bethwel aliamuru yageuzwe. Yaligeuzwa, yakarudi. Akaamuru yafungwe kamba. Kesho yake wanawake wa kambi waliripoti kwamba sindano zilikuwa zimetoka kwenye vitambaa na kujipanga dirishani, zote zikielekea huko huko. Tangu siku hiyo, Makori akiona doa la mwanga linarukaruka, alimpelekea Bethwel habari, na asubuhi wakati wa kuita majina Bethwel alitangaza: "Jua limechafuka! Kila mtu afunge panga yake. Sitaki kusikia mtu amekatwa." Lilikuwa tangazo kama la mvua ya mawe, ambayo huko hunyesha karibu kila alasiri na huharibu chai nyingi zaidi.

Mwezi wa Machi 1970 kengele saba zilitoka ardhini.

Zilikuwa kengele za ng'ombe, za chuma kilichofuliwa na wahunzi wa zamani. Wachuma walizikuta Jumatatu asubuhi Namba Tisa, zimesimama hewani juu ya chai, kwa kimo cha shingo ya ng'ombe, zikienda polepole kati ya mistari. Zilipoyumba zililia. Wachuma waliinamisha vichwa kuzipisha. Mmoja wao, Phelis, alilalamika kwamba kengele moja ilinasa kamba ya kikapu chake ikampotezea muda, na Bethwel akamwambia kikapu kitapimwa kama kawaida. Kufikia jioni upepo wa jua ulitulia, kengele zikashuka zikaingia udongoni bila kuacha shimo.

Siku hiyo Chepngeno alichuma kidogo kuliko kawaida yake. Makori alipopita na daftari lake, alimkuta amesimama katikati ya mistari, kichwa amekiinamisha upande.

"Ile yenye pengo ukingoni," alisema bila kumgeukia. "Ilivaliwa na Kiptui, maksai mweusi wa baba. Alijigonga kwenye jiwe la mtoni, ikavunjika hapo. Sikia vile inakatika."

Makori alisikiliza. Kengele sita zililia na kumalizia. Moja ililia ikakoma kabla ya wakati, kama mtu aliyekatizwa maneno.

Chepngeno alikuwa na miaka tisa siku walipohamishwa. Namba Tisa ilikuwa boma la baba yake, arap Tanui: nyumba mbili, zizi, na mti wa kivuli ambao kampuni iliukata ikapanda chai. Waliokuja kuwahamisha walitwaa ng'ombe wote. Arap Tanui alivua kengele kwanza, zote arobaini na moja, akazifukia mlangoni mwa zizi, kwa sababu amri iliyosomwa ilitaja ng'ombe na haikutaja kengele. Kwenye ramani ya kampuni, mahali hapo paliandikwa kwamba hapakuwa na mtu. Chepngeno alirudi akiwa msichana mkubwa, akaandikwa kuwa mchuma chai, akapewa kikapu, akaonyeshwa mstari wake. Mstari ulipita katikati ya nyumba ya mama yake.

Mwezi wa Julai 1972 ofisi ya ardhi ilibandika tangazo sokoni. Mkataba wa kampuni wa kukodi Namba Tisa ulikuwa unakwisha Agosti 31. Mwenye dai alete ushahidi kabla ya tarehe hiyo. Chepngeno alipanda basi hadi mjini akaandikisha dai lake: boma la arap Tanui, ekari kumi na mbili, zizi, kengele arobaini na moja. Ofisa aliandika yote kwa mwandiko mzuri.

"Haya ni maneno ya mdomo, mama," alisema. "Lete kitu kilichopimwa."

Chepngeno alirudi moja kwa moja hadi kwenye kigingi.

"Makori, wewe unapima."

"Mimi napima jua, mama."

"Na jua linapiga wapi? Si hapa?"

Makori alifikiri. Kibanda kilikuwa mpakani mwa Namba Tisa. Kengele zikipita karibu na ukuta, mstari lazima uonyeshe. Hilo halikuwa suala la huruma. Lilikuwa suala la umbali.

"Zikipita, karatasi itaonyesha," alisema. "Na karatasi ikionyesha, nitaandika na kutia sahihi."

"Basi mimi nitangoja jua," alisema Chepngeno, akaenda kuchuma.

Alingoja wiki tatu. Ijumaa tarehe 4 Agosti, Makori alikuta mstari umeruka mara mbili kabla ya alfajiri. Aliweka karatasi mpya saa tatu, akamwarifu Bethwel, akafunga jembe lake, na jua lilipotua akaingia Sabato yake.

Jumamosi asubuhi alikuwa katika kanisa la kambi, benchi la pili, wakati kengele zilipoanza kusikika. Zilikuwa zimetoka tangu alfajiri na sasa zilikuwa zinazunguka mara ya pili. Mhubiri alisimamisha mahubiri, akafunga kidole ndani ya Biblia, akangoja zipite. Zilipita nyuma ya kanisa moja moja, kwa mwendo wa ng'ombe wanaotoka mtoni wakiwa wameshiba. Kulikuwa na harufu ya maziwa ya moto na samadi. Wazee wawili wa Kipsigis waliokuwa nje walisimama wakavua kofia. Makori alijua kuhesabu ni kazi, na kazi ilikatazwa. Hata hivyo alihesabu, akafika arobaini na moja, na kwa muda uliobaki wa ibada aliomba msamaha. Chepngeno hakuwahi kumwambia idadi. Makori aliisoma kwenye nakala ya dai wiki mbili baadaye.

Jumapili asubuhi alisafisha karatasi zote mbili. Ya Ijumaa ilikuwa karatasi nzuri kuliko zote alizowahi kushika. Saa sita kasoro dakika sita usiku mstari ulikuwa umeruka karibu utoke kwenye karatasi, na baada ya hapo ukatetemeka saa baada ya saa. Lakini kuanzia saa kumi na mbili na dakika nane alfajiri, chini ya msukosuko wa jua, kulikuwa na meno madogo. Aliyahesabu kwa kioo cha kukuzia. Arobaini na moja, yamepangana kwa nafasi, kama kundi linalopita mlango mwembamba mmoja mmoja. Jino la kwanza lilikuwa na pengo.

Kisha akafika mwisho wa karatasi. Saa tatu kasoro dakika mbili, mstari ulipaa ukapotea kabisa. Kwenye karatasi ya Jumamosi, dakika mbili za kwanza nazo hazikuwepo.

Chepngeno alipita akielekea kanisani, amevaa gauni la kijani na viatu vyeupe mkononi.

"Chamgei, Karani," alimsalimu kwa Kikipsigis. "Zimeandikwa?"

"Zimeandikwa zote. Mama, jana uliingia na chuma?"

"Nilitoa pini. Nikatoa bangili. Nikatoa panga. Kiulize hicho kigingi."

"Chepngeno."

Alitua viatu chini.

"Nilipokuwa nikija, ya Kiptui ilisimama mbele yangu," alisema. "Nikaishika vile unashika ndama. Ikakubali. Nilijaribu kuitundika hapo, lakini kila nikienda inanifuata. Sasa ningefanya nini? Saa tatu ilikuwa imefika. Nikaiweka ndani ya shuka nikaingia nayo."

"Hiyo ni chuma."

"Hiyo si chuma. Ni ya baba."

Makori alifungua daftari. Ukurasa ulikuwa na safu tatu: saa, kilichoonekana, na vitu vilivyoharibu vipimo.

"Nikiandika uliingia nayo, Nairobi wanaweza kutupa siku nzima," alisema.

"Na usipoandika?"

"Nitakuwa nimeandika uongo."

"Uongo wa dakika nne! Utubu Jumamosi ijayo. Mimi nitakubadilishia karatasi bure, hata sukari sitaki."

Makori aliweka kidole kwenye safu ya tatu. Alikuwa na kalamu mkononi, na alijua kila kitu alichohitaji kujua. Alijua meno arobaini na moja yalikuwa ya kweli. Alijua pia kwamba mtu atakayeyasoma Nairobi hatamjua Chepngeno wala maksai. Atajua tu kama daftari husema kweli au halisemi. Daftari likificha dakika nne, meno nayo yatakuwa maneno ya mdomo. Hivyo ndivyo alivyowaza, na hata alipozeeka hakuona kosa katika hesabu hiyo.

Chepngeno aliona kalamu ikishuka kwenye ukurasa.

"Wewe Makori, hata saa ya fakitori inakosea. Lakini wewe, ng'o." Aliokota viatu vyake. "Haya, andika vile ilikuwa. Lakini uandike pia ilikuwa ya nani. Usiandike kengele tu kama imetoka dukani."

Akaandika, kwenye safu ya tatu, kwa wino mweusi: *Saa 2.58 hadi 3.02 asubuhi. Kengele moja ya chuma, mali ya arap Tanui wa Namba Tisa, iliingia kibandani na binti yake.* Chini yake aliongeza kwamba meno arobaini na moja yalitangulia tukio hilo kwa zaidi ya saa mbili, na hayawezi kuwa yametokana nalo. Akatia sahihi. Chepngeno, ambaye alisoma hadi darasa la pili, alifuatilia jina la baba yake kwa kidole bila kugusa wino. Halafu akaenda kanisani.

Jibu la Nairobi lilifika Agosti 24. Daktari alipongeza kituo kwa kunasa dhoruba kubwa kuliko zote katika miaka minane. Katika aya ya pili alieleza kwamba saa zote baada ya alfajiri zimefutwa, kwa kuwa msaidizi alikiri kuingia na chuma, na palipo na kengele moja huenda kulikuwa na nyingine. Alishukuru kwa ukweli wa daftari. Katika aya ya tatu aliagiza kituo kihamishwe hadi Merigi kabla ya mwaka kwisha, mahali penye ardhi safi.

Siku iliyofuata Makori alimsindikiza Chepngeno hadi ofisi ya ardhi akiwa na nakala ya ukurasa. Ofisa aliisoma mara mbili, kwa makini, bila dharau.

"Hii inasema kengele ilikuwa ndani ya kibanda," alisema. "Haisemi ilikuwa ndani ya shamba."

"Na hizi arobaini na moja?" aliuliza Makori.

"Hizo zimefutwa na wenyewe Nairobi. Mimi siwezi kuandika kitu ambacho wataalamu wamekifuta."

"Jina la baba yangu limefutwa?" aliuliza Chepngeno.

Ofisa alitazama tena. "Hapana, mama. Jina liko."

"Liko wapi?"

Ofisa aligeuza karatasi ili aone mwenyewe. Jina lilikuwa chini ya maneno *Vitu Vilivyoharibu Vipimo*.

Mkataba ulifanywa upya Septemba mosi. Desemba, Chepngeno aliondolewa kwenye orodha ya wachumaji. Barua haikutaja dai; ilitaja umri, miaka hamsini na mitano. Alikuwa na arobaini na saba. Alipewa blanketi moja na siku kumi za kuacha nyumba ya kambi. Siku ya kumi iliangukia siku ambayo lori lilikuja kuchukua vyombo vya Makori, na kwa kuwa Merigi iko njiani kuelekea kwa kaka yake Chepngeno, Makori alimwambia apande.

Asubuhi hiyo alikuwa amechukua kipimo cha mwisho kabla ya kufunga sumaku ndani ya sanduku. Mstari ulikuwa umenyooka. Jua halikuwa na upepo wowote wa kutajwa. Aliandika: *Jua tulivu.* Chepngeno alikaa nyuma kabisa ya lori, mbali na sanduku, kwa sababu hakuwa ametoa pini.

Lori lilipoanza kushuka kuelekea getini, kengele zilitoka Namba Tisa zikalifuata, zote arobaini na moja, ya Kiptui ikiongoza. Wachuma waliinamisha vichwa. Bethwel alisimama kando ya njia na fimbo yake, akaziacha zipite, na baada ya hapo akawaambia watu waendelee. Makori alitoa daftari, akatazama saa ya mkono, ambayo sasa aliruhusiwa kuivaa, akaongeza chini ya maneno yale mawili: *Saa 4.17. Kengele 41. Sababu haijulikani.* Katika miaka kumi na minane ya kazi yake hakuandika maneno hayo ya mwisho mara nyingine.

Getini, askari alikuwa na kitabu cha vitu vinavyotoka. Aliandika lori moja, masanduku manne, mwanamke mmoja, blanketi moja. Akainua kichwa, akaandika: *Kengele 41. Ng'ombe hakuna.* Akainua mti wa kizuizi. Lori likatoka.

Kengele zilisimama. Zilisimama muda ule ambao ng'ombe husimama mbele ya mlango wasioujua, zikagongana kidogo, halafu ya Kiptui ikageuka na nyingine zikaifuata. Askari alishusha kizuizi, akachukua rula, akaukata mstari wa kengele, kwa kuwa hazikutoka.

Chepngeno hakugeuka. Alikuwa amefumba macho, akizihesabu zikirudi.

Makori alistaafu mwaka 1982, akarudi kwao, akajenga nyumba ya mabati. Mkewe Gesare aliwaambia wageni kwamba mume wake ana wazimu mdogo: kabla ya kuingia ndani huvua saa, funguo na viatu, akavitundika kwenye kigingi uani, hata mvua inaponyesha. Kwenye faili la Nairobi, kabati la tatu, ukurasa wa Agosti 5 bado upo, na arap Tanui bado anaishi Namba Tisa, katika safu ya tatu, kwa wino mweusi ambao haujapauka. Chai ya hapo huchumwa kila siku ya nane. Jua likichafuka, wachuma huinamisha vichwa, na vikapu hupimwa kama kawaida.